Hatua Sita za Getruda

Siku ya kwanza ya kazi, msimamizi Antoni aliwatembeza vibarua wote mbele ya greda, akamchagua Getruda kwa sababu hatua zake zililingana. Kazi yake ikawa kupima: hatua tatu, analaza mfuko wa saruji, hatua tatu, mwingine. Wenzake walifuata nyuma wakipasua mifuko na kuitandaza kwa reki. Greda lilichanganya saruji na udongo mweusi wa mbuga, maji yakamwagwa, kisha mtambo wa kushindilia ukapita kabla mchanganyiko haujakamata. Hivyo ndivyo barabara ilivyotoka njia kuu ya Magu kuelekea kijijini kwao.

Udongo ule Getruda aliujua. Masika ya mwaka juzi ulilinasa gari lililombeba mumewe, Masele, kwa saa nne, na Masele hakufika hospitali.

Kilomita mbili za mwanzo zilipokauka, Masele akaanza kurudi. Vibarua walikuwa wakinawa miguu jioni alipotokea upande wa Magu, na shati alilozikwa nalo, akawasalimu. Antoni alimwomba apite pembeni asiharibu sehemu mbichi. Masele alifika mwisho wa saruji, akajaribu udongo kwa kidole cha mguu, akageuka. Kesho yake akaja tena, akasogea mbele kwa kadiri ya kazi ya siku ile.

“Bado mwezi mmoja, baba Precious,” Getruda alimwambia.

“Nimepakumbuka nyumbani,” akasema Masele. “Kule niliko hakuna anayenitania.”

Getruda akaipaka nyumba chokaa na kuanika godoro. Alimtamani mumewe na hakumficha mtu.

Penye shamba la pamba la Mashimba, kilomita moja kabla ya kijiji, mifuko ikaanza kuletwa nusu ya idadi yake.

“Mama, kuanzia hapa piga hatua sita,” Antoni akasema.

“Si patakuwa laini?”

“Juu patafanana tu.”

Getruda akapiga hesabu yake: kwa hatua sita barabara ingefika nyumbani wiki mbili mapema. Haraka haraka haina baraka, hilo alifundishwa tangu shule, lakini aliyeitunga methali hiyo hakuwa mjane. Akamwambia Masele asije tena hadi barabara ikamilike, akapiga sita, mpaka mlangoni kwake.

Jumatano, barabara ilipokamilika, Masele alikuja mapema, shati limenyooka. Penye shamba la Mashimba akazama hadi magotini. Magari yalikuwa yakipita hapo bila shida, kwa kuwa masika yalikuwa bado, ila marehemu ni wazito kuliko magari. Wanaume sita walimvuta kwa kamba ya ng’ombe hadi wakachoka.

Mkaguzi alifika Ijumaa. Alimsalimu Masele, akamuuliza hali, akaandika kwamba barabara ni imara na ina mtu mmoja asiyezuia magari. Akatia sahihi, akaondoka na Antoni.

Tangu hapo Getruda humpelekea ugali na sato jioni, akakaa pembeni hadi giza liingie.

“Nani alipima hapa?” Masele aliuliza siku moja.

“Mimi.”

Masele akamega tonge, akatafuna taratibu.

“Ulikuwa na haraka ya nini, mama Precious?”

“Yako.”

Masele akageuza shingo kuelekea kijijini. Kutoka pale bati la nyumba yao huonekana juu ya mipamba, kwa mtu aliyesimama wima. Yeye, akiwa amezama hadi magotini, halioni.