Mkono wa Mama Pacha

Kabla hajawa Profesa Usingizi, kabla picha yake haijabandikwa kwenye kila ukuta akiwa amenyoosha kidole kama trafiki, mume wa Mama Pacha alikuwa akiuza bima ofisi kwa ofisi, na hakuna aliyenunua. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Alichojaliwa ni sauti tu. Ilikuwa nzito, ya polepole, na watu walimsikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru, kisha wakafunga mlango.

Mambo ya kulaza watu kwa maneno aliyapata kwenye kijitabu kilichochakaa, akafanya mazoezi mbele ya kioo mpaka akaona yameiva. Wakati huo walikuwa bado wachumba. Alikodi ukumbi wa shule, akabandika matangazo, na watu wakaja kucheka. Wakacheka kweli. Mwalimu wa michezo alipanda jukwaani, akaambiwa macho yake yamekuwa mazito, akajibu kwamba ni sawa kabisa, mchana alishiba kupita kiasi. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mchumba wake, huyu Mama Pacha wa baadaye, alikuwa amekaa safu ya pili, na alipoona jasho linavyomchuruzika yule mwanamume mpaka kwenye kola, roho ilimuuma. Akainuka, akapanda, akakaa kitini, na kwa neno la kwanza tu akaangusha kichwa.

Basi kikaja kipimo cha mkono. Kila mlaza watu anacho. Humwinua aliyelala mkono, kisha huuachia ghafla. Anayejifanya huushusha kidogo kidogo, maana hakuna apendaye kujiumiza. Aliyelala kweli mkono wake huanguka pu, kama shuka iliyoloa maji. Mchumba wa watu alikuwa amelea wadogo zake, amewabeba wakiwa wamesinzia kutoka sebuleni hadi kitandani, na alijua vizuri mkono wa mtu aliyelala ulivyo. Akauachia wake. Kifundo kikagonga ubao wa kiti, na hakukunja hata ndita. Ukumbi ukanyamaza. Waliopanda baada yake wakalala kwelikweli, maana watu hulala kwa kuigana, kama wanavyopiga miayo.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Uongo nao ulianzia hapohapo, na kwa miaka yote iliyofuata Mama Pacha hakuweza kuonyesha mpaka kati ya hivyo viwili.

Mtu angemlaumu kwa kutosema mapema. Lakini angesema nini, na lini? Walioana, wakapata pacha, na mume akatoka kwenye kumbi za shule akaingia kwenye kumbi zenye mazulia. Akaandika kitabu, Lala Maskini, Amka Tajiri, kikagombaniwa. Sauti yake ikaingia kwenye simu za watu. Dereva mmoja aliisikiliza akiwa barabarani, akaenda kuamkia ndani ya duka la viatu. Na katikati ya vichekesho hivyo walikuwapo watu waliopona jambo fulani kweli. Mzee mmoja aliacha sigara. Mama mmoja aliyekuwa akiogopa lifti alikuja mpaka nyumbani kwao, ghorofa ya juu kabisa, kushukuru, na akashuka kwa lifti ileile akilia. Ukisema uongo unaowaponya wenzako, unautoaje mdomoni?

Kila onyesho lilianza naye. Mume alimtambulisha kama mtu wa kwanza aliyemlaza duniani, watu wakapiga makofi, yeye akakaa, akalala, mkono ukaanguka. Wakati mwingine, wakiwa nyumbani, mume alimuuliza anahisi nini akiwa kule. Siku moja, kwa kukosa la kusema, alijibu kwamba kule kuna giza zuri. Yule bwana akaligeuza kuwa sura nzima ya kitabu. Tangu siku hiyo, akienda saluni, wanawake wenye vichwa chini ya mashine humweleza Mama Pacha uongo wake mwenyewe, tena kwa machozi: giza zuri, dada yangu, nimelifikia.

Jambo jingine la kazi ile lazima lisemwe. Profesa alivaa kipaza sauti kidogo kilichobanwa kwenye kola. Akitaka kumnong'oneza mtu jukwaani, alikifunika kwa kiganja. Chini ya kiganja ndiko alikowabembeleza wabishi: nisaidie kidogo ndugu yangu, usinitie aibu mbele ya watu. Wengi walimsaidia. Lakini Mama Pacha hakuwahi kunong'onezwa chochote, na hilo alilichukua kama heshima. Alijiambia kwamba mumewe anamwamini, kwamba angalau mtu mmoja kwenye lile jukwaa humwona kuwa wa kweli.

Halafu likaja jino.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia. Liliuma kwa wiki kadhaa, naye akawa anatafunia upande mmoja na kujitia hamnazo, mpaka asubuhi moja akaamka shavu limevimba. Akasema anakwenda kuling'oa. Mume aliacha kunyoa, akageuka na povu usoni, macho yakimng'aa kama ya mtoto aliyeona keki.

"Usilitoe," akasema. "Hilo tutalitoa pamoja."

Kitabu kipya kilikuwa njiani, na kiliitwa Maumivu Ni Habari Tu. Onyesho la kukizindua lilikosa kitu cha kuwakalisha watu kimya, na sasa kimepatikana: mke wa Profesa angeng'olewa gego jukwaani, bila sindano ya ganzi, huku amelala. Wifi yake, dada wa mume, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa kila kitu, alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili. Akapanga kamera iangalie ndani ya mdomo na picha ionekane kwenye skrini kubwa. Akapanga pia muuguzi mstaafu achaguliwe kutoka miongoni mwa watazamaji akague ufizi kwanza, ili wenye midomo yao wasije wakasema alichomwa sindano kwa siri. Daktari wa meno angekuwa rafiki wa mume wa siku nyingi, mtu mpole mwenye vidole vinene, ambaye naye hakuchukia kliniki yake itangazwe.

Mama Pacha alipata vidonge vya kutuliza uvimbe, na kwa siku zilizobaki aliishi na hofu. Hakuwa mwoga wa uchungu. Amezaa pacha kwa njia ya kawaida na hakumtukana mtu. Alichoogopa ni kupiga kelele. Yowe moja tu, na vitabu vyote, kumbi zote, yule mzee wa sigara, yule mama wa lifti, kila kitu kingebomoka mbele ya kamera. Na mume wake angejua. Hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko koleo.

Akaamua kumwambia. Alimkuta jikoni akipiga pasi koti la onyesho, kazi ambayo hakumwachia mtu. Akamuuliza, kama kwa mzaha, itakuwaje ikitokea siku hiyo hajalala. Mume aliendelea kunyoosha mkono wa koti. Akamuuliza kama amewahi kukosa kulala. Mama Pacha akapiga moyo konde, akaanza kusema kwamba tangu mwanzo kuna kitu hajamweleza, na mume akainua kiganja, taratibu, kama anavyofanya jukwaani.

"Usiseme, mke wangu," akasema kwa ile sauti. "Maneno ya shaka yanaharibu kazi."

Kisha akauliza soksi zake nyeusi ziko wapi.

Siku yenyewe, kwenye chumba cha kujiandalia nyuma ya jukwaa, alijaribu kupita njia nyingine. Pale palikuwa na kioo, sahani ya biskuti, na daktari wa meno akipanga vifaa vyake juu ya taulo. Mama Pacha alimvuta mumewe pembeni, akamwomba amruhusu daktari amchome ganzi kidogo sasa hivi, kabla ya muuguzi kukagua, kwa ajili ya utulivu tu. Mume alifikiri. Kisha akamjibu kwamba haitawezekana, midomo itakufa ganzi na itaonekana imepinda kwenye skrini. Akambusu kwenye paji la uso, akatoka. Daktari wa meno, ambaye masikio yake hayakuwa na ganzi, akainua uso.

"Shemeji, una uhakika na jambo hili?"

Akasema anao.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Watu waliojitolea kulazwa walikaa kwenye mstari wa viti upande wa nyuma wa jukwaa, na kiti cha kliniki kiliwekwa mbele, chini ya taa. Profesa akazungumza. Mama Pacha akalala. Mkono ukaanguka. Nyuma yake akasikia vichwa vikiangukia mabega, kimoja baada ya kingine, na pumzi za watu wanaolala kweli. Muuguzi mstaafu akakagua ufizi kwa tochi, akatangaza kwamba uko mzima, hauna tundu la sindano. Ndipo koleo likaingia.

Yaliyofuata si ya kusimuliwa sana. Gego lilikuwa na mizizi ya ukaidi, na daktari alilitikisa kwanza huku, kisha huku, na kila mtikiso ulipanda mpaka kwenye jicho. Mama Pacha alijikaza kisabuni. Aliwafikiria wadogo zake wamelala mabegani mwake, akaiga pumzi zao. Machozi hayakumtoka kwa sababu aliyakataza. Kitu kikapasuka ndani ya kichwa chake, jino likatoka, akajazwa pamba mdomoni, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mume wake alilipokea jino kwenye kitambaa, akaliinua juu mbele ya kamera, akaanza kueleza sura ya tatu ya kitabu. Alieleza kwa kirefu. Alisema maumivu ni barua tu, na mtu ana hiari ya kutoifungua. Hakumgeukia.

Akiwa amefumba macho, huku damu ikimteremka kooni, ndipo Mama Pacha alipolifikiria lile jibu la nyuma ya jukwaa. Mtu anayeamini kwamba mkewe hulala, akiombwa sindano, angeshangaa. Angeumia. Angeuliza, kwani huniamini? Yeye alifikiria midomo itakavyoonekana kwenye skrini. Mama Pacha akayarudia ya jikoni, akazirudia zile soksi nyeusi, akairudia miaka yote ambayo hakunong'onezwa chini ya kiganja. Pale ambapo kila mara aliona heshima, safari hii aliona mtu asiyehitaji kumwomba, kwa kuwa anajua atafanya. Hasira ikamjaa, mpaka jino likawa si kitu.

Profesa akahesabu moja hadi tano, kama kawaida, na akasema, amka.

Hakuamka.

Watu walicheka kidogo. Profesa naye akacheka, akasema mke wake amelipenda lile giza, akahesabu tena. Mama Pacha akatulia palepale, pumzi ndefu, uso mtupu. Ukumbi ulianza kunyamaza. Akasikia viatu vya mumewe vikija, akasikia kiganja kikifunika kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya kazi yao, akanong'onezwa.

"Mama Pacha. Inatosha sasa."

Inatosha. Hivyo ndivyo anavyoambiwa mtu aliye macho. Alikuwa amepata alichokitafuta, na angeweza kufumbua macho, akatabasamu na mdomo wenye pamba, wakaenda nyumbani. Lakini alitaka kiganja kitoke pale kwenye kola. Akaendelea kulala.

Mume akamwinua mkono, akauachia. Ukaanguka ukagonga chuma cha kiti kwa kishindo kilichosikika mpaka nyuma, na Mama Pacha hakutikisika. Daktari wa meno akasogea, akamgusa shavu, akaona pamba ilivyoloa, akasema kwamba huyu pengine amezimia, damu ni nyingi, iitwe gari la wagonjwa. Wifi akaonekana pembeni ya pazia akiwa ameshika kichwa.

Hapo Profesa Usingizi aliishiwa. Alipiga magoti, akamkamata mkewe mabega yote mawili na kumtikisa, na mtu aliyeshika mabega mawili hana mkono wa tatu wa kufunika kipaza sauti.

"Acha mchezo, mke wangu," akasema, na kila spika ikasema pamoja naye. "Hujawahi kulala hata siku moja, tangu ule ukumbi wa shule. Leo ndiyo ulale kweli? Amka, nakuomba."

Mama Pacha akafumbua macho. Uso wa mumewe ulikuwa karibu sana, umelowa, na ulikuwa na ile haya ya zamani, ya kijana wa bima mlangoni pa ofisi za watu. Kwa kitambo kidogo roho ilimuuma kama ilivyomuuma siku ile. Safari hii haikutosha kumwinua. Akatoa pamba mdomoni.

"Ulijua," akasema, naye akasikika ukumbi mzima. "Ulijua, ukaacha ning'olewe."

Watu walianza kusimama, wengine wakipiga picha, wengine wakizomea. Mama Pacha akashuka kwenye kiti, akajishikilia, na ndipo alipowaona walio kwenye ule mstari wa nyuma. Walikuwa bado wamelala, vichwa mabegani, midomo wazi, hawana habari kwamba kumeharibika. Akamwinua mkono mwanamke wa kwanza, akauachia. Ukaanguka pu, na yule mama hakutikisika.

Huyu alikuwa amelala kweli. Kisha, kwa kuwa mwenye kazi alikuwa angali amepiga magoti, akaanza kuwaamsha yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akiwagusa goti na kuwaambia kwa mdomo uliovimba waamke, waende nyumbani.