Gramu Mia Mbili kwa Kilo

Fortunat alipenda kujiita enjinia, na Geneviève hakuwahi kumsamehe neno hilo. Enjinia wa nini? Alikaa chuoni mwaka mmoja, akatengeneza redio mbili tatu za majirani pale Kamenge, mtaa wa Bujumbura, moja ikawaka moto, basi akajipachika cheo na kutembea nacho kifua mbele. Kila alipokutana naye, Geneviève alimpandisha na kumshusha kwa macho, kuanzia kofia hadi viatu vyake vya ncha kali, na kote huko hakukuta kitu cha kuheshimu.

Cheo cha uongo angekivumilia. Asichoweza kukivumilia ni kwamba mtu huyo alimwoa Benite. Benite, mdogo wake wa pekee, aliyemlea tangu mama yao afariki Uvira, upande wa Kongo, akavuka naye mpaka, akamsomesha hadi akamfikisha mwaka wa kwanza wa famasia. Mwaka wa pili haukufika. Benite aliolewa, akahamia Kamenge, na sasa alikuwa akisuka nywele za watu barazani, mikono yake ikilisha nyumba nzima, enjinia akiwamo. Geneviève, mwalimu wa kemia, alibaki mtaa wa Kinanira na chumba cha ziada kilichotandikwa, akingoja siku ambayo mdogo wake atamwona yule bwana kama anavyomwona yeye, afunge mizigo yake arudi. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Siku hiyo aliiona ikija Jumamosi moja, uani kwa Fortunat, pakinuka mawese yaliyochemshwa.

Safari hii enjinia alikuwa ameamua kuwa mwenye kiwanda. Kiwanda chenyewe kilikuwa pipa la plastiki, mwiko wa ugali, mizani ya kupimia samaki na masanduku ya mbao ya kugandishia sabuni. Mama Adélaïde, msimamizi wa chama cha akina mama kanisani, alikuwa ameahidi kuja na wenzake kuijaribu sabuni hiyo, na wakiipenda, chama kizima kingekuwa mteja wake. Fortunat alisimama juu ya pipa, kijiti cha meno mdomoni, akaanza kufundisha. Ndiyo, alimfundisha mwalimu wa kemia.

"Unaona, shemeji, mafuta peke yake haiwezi kuwa sabuni. Inataka soude." Soude, yaani soda ya kostiki, ile inayokula ngozi. "Watu wa huku wanatiaka tu na kopo, bila kupima. Mi nilitafuta ku internet. Mawese inaomba gramu mia mbili kwa kilo. Niko na kilo kumi na nane ya mawese. Ni kusema kilo tatu na nusu ya soude, na kidogo juu."

Geneviève alisikia kosa kabla bwana huyo hajafunga mdomo. Mia mbili ni namba ya kweli, lakini ni ya potasi. Majedwali ya sabuni huandikwa kwa potasi tangu zamani, na yeyote aliyesoma kemia kwa kichwa, si kwa kidole gumba, anajua kuigeuza namba kabla ya kuitumia. Soda na potasi hufanya kazi ileile kwenye mafuta, chembe kwa chembe, ila chembe ya potasi ni nzito zaidi. Palipohitajika gramu hamsini na sita za potasi, gramu arobaini za soda zinatosha. Kwa hiyo kilo ya mawese inataka soda gramu mia na arobaini na kitu, basi. Enjinia alikuwa anatia kilo moja nzima ya kostiki isiyo na mafuta ya kushughulika nayo. Mawese yataisha, sabuni itaganda, na kilo hiyo itabaki humo ndani ikingoja ngozi ya mtu.

Darasani kwake, kosa kama hilo lilikuwa la kupewa sifuri na kusimamishwa mbele ya wenzako.

"We ni prof," Fortunat akasema, akihamishia kijiti upande wa pili wa mdomo. "Angalia kama iko sawa."

Hapo angesema. Jibu lilikuwa limeshamjaa mdomoni. Lakini alimwona Benite, mwiko mkononi, akimtazama mumewe kwa macho ya mtu anayesikiliza mahubiri, naye akalimeza jibu. Huyu? Huyu ndiye wa kutazamwa hivyo? Akawawazia akina mama wa chama wakinawa, mikono ikiwawasha, nyuso zimekunjamana, na enjinia akijiumauma mbele yao. Kuwashwa kidogo hakuui mtu. Maji yapo, watasuuza. Na Benite ataona kwa macho yake.

"Tangu lini enjinia akamwuliza mwalimu?" alisema kwa tabasamu. "Endelea tu."

Fortunat alicheka, ameridhika kabisa. Hata kubezwa hakujua. Akaimimina soda yote.

Wiki zilizofuata Geneviève hakukanyaga Kamenge. Alisingizia mitihani, lakini kweli ni kwamba hakutaka kuyachafua macho yake. Fortunat alimpigia simu kumweleza kuwa sabuni imekuwa ngumu kama tofali na imeota unga mweupe juu, alama, kwa maneno yake, ya kazi ya kitaalamu. Geneviève aliiweka simu mbali na mdomo apate kucheka. Kostiki iliyozidi imetoka nje kujitambulisha, na mpumbavu anaisifia rangi. Alipokata simu alikwenda kubadilisha shuka za kile chumba.

Jumapili ya majaribio, baada ya ibada, wageni walikaa uani kwa Fortunat. Mwenyeji alivaa koti la harusi yake. Alizungumza muda mrefu juu ya sayansi, juu ya viwanda, juu ya Burundi ya kesho, na akina mama wakaitikia kwa adabu huku wakinusa mukeke, samaki wa ziwani, waliokuwa wanakaangwa jikoni. Geneviève alikaa mstari wa mbele. Alishajiandaa kunawa kwa maji matupu.

Benite alitoka na birika na beseni kunawisha wageni, sabuni kwenye kisahani, akaanza na dada yake kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Geneviève alinyoosha mikono. Ndipo alipoviona vidole vya mdogo wake. Ncha zimechunika zote, nyekundu, na kwenye viungo ngozi imepasuka hadi ndani.

"Nini hii?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Itapona, yaya," Benite alijibu; yaya kwao ni dada mkubwa.

"Benite. Nini hii?"

"Ni sabuni. Niko natumia tangu tulipoikata. Mama alitufundisha, mugeni haumupake kitu we mwenyewe haujajaribu." Benite alizidi kumimina maji. "Siku ya kwanza ilinichoma. Fortunat akasema tutupe yote. Mi nikakataa."

"Ukakataa kwa nini?"

"Juu we ulikuwa hapa. Ulisikia hesabu yote. Nikamwambia, yaya anajua hii mambo kuliko sisi wote, kama ingekuwa mubaya angesema. Nikaona ni mikono yangu tu iko na shida." Akatabasamu kidogo, kwa aibu. "Ila wiki hii sikuweza kusuka mutu hata moja."

Akasogea kwa Mama Adélaïde, ambaye alikwisha kukunja mikono ya gauni na kunyoosha mkono kwenye kisahani.

"Usiiguse," Geneviève alisema, naye ameshasimama.

Akaeleza. Mia mbili ni ya potasi, si ya soda. Kilo nzima imezidi. Sabuni hii inaunguza. Ndiyo hotuba aliyokuwa ameiota wiki zote hizo, mbele ya watu walewale, na kila neno lilimtoka likiwa na ladha ya nyongo. Mama Adélaïde alirudisha mkono wake magotini.

"Umelijua leo hili, mwalimu?" aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Nani angebisha? Lakini Benite alikuwa anamtazama.

"Siku ileile alipoitaja namba," Geneviève alisema.

Fortunat alimpokea mkewe birika, akamkalisha, akaanza kumwagia maji vidoleni polepole, koti lake likilowa. Geneviève alingoja amtukane. Kwa tusi moja tu angeweza tena kumdharau, na alilihitaji tusi hilo kuliko kitu chochote.

"Inaweza kutengenezwa?" Fortunat aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Sabuni, ndiyo. Uiyeyushe upya, uongeze mawese kilo nane. Kostiki yote itapata kazi." Alijibu barabara, kama yuko darasani, na akajichukia kwa kujibu hivyo.

Benite aliinua uso. Macho aliyomtazama nayo, Geneviève aliyatambua mara moja, maana ndiyo yeye mwenyewe aliyomtazama nayo Fortunat miaka yote. Yalimpandisha, yakamshusha.

"Yeye hakujua," Benite alisema. "We ulijua."