Majivu ya Mama Loisi

Zebedayo, mume wangu, alishatoa hukumu mbele ya mama yake: "Kwaya ikija Jumamosi, hilo jiko likigoma, Jumatatu linarudi Tunduma." Mtu huyu hajapuliza kuni hata siku moja, lakini mambo ya jikoni ana kauli. Aliyekohoa miaka kumi na tisa ni mimi. Jiko la gesi la kuchomea nyama aliniletea kaka yangu Ezron kutoka kwake Tunduma, baada ya daktari kuniambia moshi unanimaliza kifua. Nikaapa halitoki hapa Ihanda.

Jumamosi saa tano wanakwaya wameshaketi uani, kuku wameshakolea ndimu na tangawizi. Nikafungua mtungi, nikabonyeza kitufe. Ta! Ta! Kati ya mabomba yake matatu ya kutolea moto, la kwanza likawaka robo, moto wa njano unaorukaruka. La pili na la tatu, kimya.

"Kuni hazina kitufe," akasema Zebedayo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Wanakwaya wakacheka.

Nilitamani kumrushia mwiko. Nikafunga gesi, nikaacha mfuniko wazi hewa ipite, maana Ezron alinionya kwamba gesi iliyojikusanya ikilipuka, nyusi huna. Nikanyanyua mtungi: mzito. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira: hakuna kiputo kilichovimba. Basi gesi ipo na haivuji. Tatizo liko mbele, kwenye mabomba yenyewe.

Mama Loisi, mama mkwe wangu, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu yangu, kimya. Tangu jiko lije hakulisifu wala kulikashifu, na kimya chake nilikitafsiri nilivyotaka. Huyu leo anafurahi, nikajisemea.

Nikachomoa bomba la pili. Lilikuwa linang'aa ajabu, kama sufuria ya harusi. Nikaligeuza juani. Vitundu vyote vya kutolea moto vilikuwa vimezibwa na kitu cha kijivu, kikavu. Nikakwangua kwa ukucha. Majivu! Hata ncha ya kutoa cheche ilikuwa imepakwa.

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikamgeukia Mama Loisi, maneno yameshafika mdomoni, ndipo nikaiona mikono yake. Vidole vimechubuka, kucha zimejaa kijivu.

"Nilidamka, mwanangu," akanong'ona. "Wageni wasije wakasema vyombo vyako, Tusekile, ni vichafu. Nimelisugua mpaka ndani. Nimeliharibu, eti?"

Niliona aibu, nasema kweli. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu ni yeye aliyenifundisha kusugua sufuria kwa majivu yaliyoloweshwa, kisha kuzifudikiza kichanjani zimulike wapita njia. Kwake, hiyo ndiyo heshima ya mwanamke. Alikuwa ananilindia yangu.

"Hujaharibu, Mama," nikamwambia chinichini. Kisha nikapaza sauti: "Ni buibui! Wamejenga humu ndani! Baba Goodness, lete waya wa breki ya ile baiskeli mbovu."

Mume wangu akaleta. Nikauchambua, nikampa Mama Loisi uzi mmoja mwembamba, nami mwingine, tukazibua kitundu kimoja kimoja huku kwaya ikijiimbia. Tukasuuza mabomba, tukayaanika juani mpaka yakauka kabisa. Ile ncha nikaifuta kwa kitambaa kikavu. Tukarudisha kila kitu mahali pake.

"Bonyeza wewe, Mama."

Akafuta kidole kwenye kitenge, akabonyeza. Ta! Moto wa bluu ukatambaa bomba zima. Nikafungua la pili, likawaka. La tatu, likawaka. Mama Loisi akaruka nyuma, akacheka, kisha akasogea tena na kuinamisha uso kidogo, akisubiri macho yaanze kuwasha kama kawaida.

"Moshi uko wapi?"

"Haupo, Mama."

Akajigusa macho: makavu.

"Kumbe nimelia miaka yote ile bure," akasema. Halafu akamgeukia mwanawe. "Zebedayo, Jumatatu hakitoki kitu hapa."