Kumi na Saba

...na hana hata jani moja la kupima, huyu Omollo, fundi wa kiwandani aliye off leo, amefuata nini hapa senta ya chai kama si kukalia gunia la Okemwa na kumchekesha mke wa Okemwa, karata zimetandazwa, Gesare ameacha kuchambua majani magumu, karani atayakataa, shauri yake, "Shemeji, kasino ya Kisumu ukiingia tu ni mashine, unabonyeza, picha zinazunguka," shemeji gani, undugu umeanza lini, "halafu kuna gurudumu la namba, unaweka pesa kwa nyekundu ama nyeusi," na Gesare anacheka, kicheko kile cha kutoka tumboni, Okemwa hajakisikia nyumbani tangu mwezi wa kumi, tangu bonasi ya chai... wacha bonasi, bonasi iliibiwa steji ya Kisumu, ndivyo alivyomwambia, Gesare akalia siku moja kisha akanyamaza, na hilo gurudumu Omollo hata halijui vizuri, kuna sifuri ya kijani, kampira kakilala hapo nyekundu na nyeusi zote zimeliwa, Okemwa alikaona kakilala, mara mbili, bonasi yote ikaenda, lakini atasemaje, wivu umemjaa na mjuzi hapa ni yeye, angefungua mdomo Gesare angemgeukia na macho yale yale anayompa Omollo, "Sasa hii ni ishirini na moja, shemeji, unajumlisha karata, ukipita umeungua," foleni haisongi, karani bado anagombana na mama wa kwanza juu ya majani yaliyolowa, Gesare amepewa sita na A, anauliza, "A ni ngapi?" na Omollo kwa maringo, "Moja. Kwa hivyo uko na saba," mkono wake karibu uguse wa Gesare, mjinga huyu, anamfundisha mke wa mtu upuzi, "Kumi na saba," Okemwa anasema, "A inaweza kuwa kumi na moja, kwa hivyo ako na kumi na saba," na raha inampanda, kumbe ni rahisi hivi, Omollo amerudisha mkono, Gesare ameinua macho, amemgeukia yeye kabisa, kama alivyotaka, ila hacheki, "Baba Nyambeki, hiyo ulijulia wapi?" na foleni haijasonga, gunia la yule mama bado linaning'inia kwenye mizani, na Okemwa anatazama karata, anaomba, anaomba sana, Gesare amwangalie Omollo tena, hata acheke naye, hata ashikwe mkono...