Mtandao wa Kubeba Mikono

Mikono ya mwalimu iliganda kwenye kioo cha simu ya dada yake, mmoja kidevuni, mwingine hewani, kama ya mtu aliyepigwa picha akipiga chafya. Alikuwa akiwafundisha wazazi wa watoto viziwi namna ya kumwambia mtoto "nakupenda" kwa lugha ya alama. Neno lilikatika katikati, na nusu iliyowafikia wanafunzi ilikuwa na maana yake yenyewe, maana isiyosemwa mbele ya wakwe. Baba mmoja, mwenye bidii kuliko wote, akainakili vilevile, akamgeukia bintiye na kumtukana kwa upendo wote.

Dada, fundi wa sare za shule, alikuwa akilifuatilia darasa hilo kazini, simu ameiegemeza kwenye cherehani. Alicheka hadi uzi ukakatika. Lakini aliporudi nyumbani jioni alimkuta mdogo wake mbele ya kompyuta iliyozimwa, uso umekunjamana.

"Baba yule ni mtu mzima," mwalimu alisema kwa mikono. "Amehangaika kujifunza ili aseme na mwanawe, nami nikamtia neno la aibu mkononi."

"Si wewe, ni mtandao."

"Wanafunzi wanamwona mwalimu. Mtandao hawauoni."

Uziwi wa mwalimu ulianza utotoni, homa ilipompitia na kuondoka na masikio yake. Tangu hapo dada akawa mdomo wake: dukani, hospitalini, shuleni. Watu walizoea kumtazama yeye hata swali lilipokuwa la mdogo wake, naye, kusema kweli, alizoea kutazamwa. Lakini sasa mambo yalikuwa yamekua. Chuo kimoja cha mbali kilikuwa kimemwalika mwalimu aende akawafunze walimu wake, na darasa la wazazi halikupaswa kulala eti kwa sababu yeye yuko safarini. Ulihitajika mtandao wa kukaa nyumbani na wa kupanda treni, tena usiomeza mshahara mzima.

Muuzaji wa duka la simu walikokwenda alikuwa mchangamfu, sifa za bidhaa zikimtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka. Aliwaonyesha ruta, kisanduku cheupe cha mtandao cha kuchomeka ukutani, kisha vifaa viwili vya mfukoni, kila kimoja na laini yake na betri yake.

"Yeye anautumia kwa kazi gani?" akamuuliza dada.

"Ah, matumizi madogo madogo tu," dada akajibu bila kugeuka. "Tupatie cha bei ya chini kabisa."

Mwalimu akamgusa bega. "Umemwambia nini?"

Dada akamweleza. Mwalimu akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma.

"Dada, rahisi inayokata maneno ni ghali. Mpe maneno yangu, si yako."

Damu ikampanda usoni. Miaka yote hiyo alijiona daraja. Kumbe mara nyingine alikuwa lango, tena lililofungwa. Akakohoa, akamgeukia muuzaji.

"Mimi ni mwalimu," akasema. "Kazi yangu ni mikono. Picha ikisimama, nimenyamazishwa."

"Kumbe na wewe mama unafundisha?"

"Yeye ndiye anayesema. Mtazame yeye."

Muuzaji akamtazama, kwanza kwa shaka, kisha sawasawa. Maswali yakamshukia. Ruta hii, umeme ukikatika? Nayo inazimika. Basi na ibaki ukutani. Na kifurushi hiki kisicho na kikomo, hakina kikomo kweli? Muuzaji akajikuna shingo, akakiri kwamba ukishatumia sana, kasi hupungua.

"Kumbe ni mgeni," mwalimu akasema. "Siku mbili anakirimiwa, ya tatu anapewa jembe."

Dada alipotafsiri, muuzaji akaangua kicheko. "Basi ngoja nikupimie kasi, uone namba zenyewe."

"Nitapima mwenyewe."

Akachukua kifaa cha kwanza, akatoka na simu yake, akampigia dada kwa video. Dada na muuzaji wakabaki wameiinamia simu ya dada. Mwalimu akapita mbele ya benki, akakata kona kuelekea stesheni, akisimulia alichokiona, na kila alipohitaji mikono yote miwili aliiegemeza simu ukutani. Nyuma ya jengo refu vidole vikaanza kurukaruka, kisha vikaganda. Akarudi, akachukua cha pili, akafuata njia ileile. Safari hii mikono ilitiririka. Kulikuwa na njiwa aliyetua juu ya kofia ya mlinzi, na mlinzi hana habari. Mwalimu akawa mlinzi, akabinua kifua; akawa njiwa, akakagua gwaride. Muuzaji alicheka hadi machozi. Dada akatanabahi kwamba alikuwa ameacha kutafsiri kitambo, na hakuna aliyemkumbuka.

Bei ya kifaa hicho cha pili haikuwa ya chini kabisa, ila kifaa kimoja kingetosha nyumbani na njiani, na humo ndimo unafuu wake ulimokuwa. Mwalimu alikilipia mwenyewe.

Siku ya safari dada alimsindikiza. Treni ikachelewa, saa ya darasa ikafika. Mwalimu akaiegemeza kompyuta kwenye begi lake, akawasha kile kifaa, na nyuso za wazazi zikajitokeza moja baada ya nyingine. Ukumbi wa abiria ulikuwa na kelele za kutosha kumshinda mwalimu mwingine yeyote. Yeye alifundisha.

Bibi mmoja aliyeketi jirani akamwinamia dada. "Mwanangu, yule anasema nini?"

Zamani angejibu kabla swali halijaisha. "Ngoja amalize, bibi, umuulize mwenyewe," akasema, na akasikia sauti yake imejaa fahari kama ya mama wa bwana harusi.

Ndipo kipaza sauti kikatangaza kwamba treni inakaribia. Dada akainua mkono. Mwalimu akamwona kwa pembe ya jicho, akamwonyesha kiganja: kule kwenye kompyuta mama mmoja alikuwa bado anatafuta maneno, vidole vyake vikijikwaa na kuinuka, vikijikwaa na kuinuka.

Dada akashusha mkono, akasubiri zamu yake.