Herufi Isiyotajwa

Mwanzoni mwa 1972, shuleni Rumonge, Mwalimu Swedi aliandika ubaoni ax + t, akatuambia tutafute derive, yaani kasi ya kubadilika. Sote tukaitafuta kwa x, kwa mazoea tu. Akawaka.

«Nani amewaambia ni x? Musipotajiwa herufi, muulize! Mukichagua x, t inatoweka kwenye jibu.»

Baada ya mauaji yaliyoikumba nchi mwaka ule, shule ilifunguliwa tena, nusu ya madawati yakiwa matupu. Mwalimu mpya akaandika hesabu ileile.

«Kwa herufi gani?» nikauliza.

«Kwa x, kama kawaida. Nyingine hatuiangalii.»

Darasa zima likainamia madaftari. Mimi nikasimama.

«Mwalimu Swedi alitufundisha kuuliza,» nikasema. «Yeye iko wapi?»