Unga wa Mtama Ndani ya Pipa la Ezéchiel

Mume wangu Ezéchiel ni mtu wa kemia, na mtu wa kemia ukimwonyesha ndizi zilizooza hakai kitako. Mwaka ule wa 1999 vita vilifunga barabara, malori hayakutoka tena soko la Nyawera, ndizi zikawa zinaozea sokoni. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati moja ya mtaa wa Cimpunda. Friji yetu ya chanjo ilitumia mafuta ya taa, na yalibaki ya siku sita tu. Ndani yake kulikuwa na chanjo ya surua, na surua ilikwisha kuingia mtaani. Akina mama nao hawakuleta watoto. Ukitangaza mkusanyiko, wao wanasikia risasi.

"Basi mafuta tutayatengeneza," akasema Ezéchiel.

Alichukua udongo wa shambani, akauchemsha. Vijidudu dhaifu vinakufa, alinieleza, vile sugu vinabaki, na hivyo ndivyo vinavyokula sukari ya matunda na kutoa maji yanayowaka moto. Alivikuza ndani ya kichupa, akakilinda kuliko alivyowahi kunilinda mimi. Sharti lilikuwa moja: juisi ya ndizi isiingiwe na hewa wala chachu ya pombe.

Kukamua alimwomba mama yake, Maman Eulalie, aliyekimbia vita kule Walungu akatufikia na kitenge kimoja. Kazi ile aliijua: nyasi, mikono, na wimbo wa chinichini. Ezéchiel akaichemsha juisi, akaimimina pipani, akaifunika kwa majani ya mgomba ipoe, kisha akaenda mtaa wa Ibanda kutafuta mpira wa kuzibia pipa. Risasi zikalia, akakwama huko siku mbili.

Aliporudi na kufunua pipa, alikuta povu. Ua mzima ukanuka kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

"Maman, mulitia nini humu?"

"Bunga ya mutama," akajibu kwa furaha. "Niliona mulisahabu."

Mshi gani, mtu wa kabila letu, aione juisi ya ndizi chini ya majani ya mgomba asiitie mtama wa kuichachusha? Hakuna wa kulaumiwa. Lakini mimi hasira zangu hazina breki. Nilimwambia watoto wa watu watakufa kwa sababu ya unga wake. Nilimwambia hivyo, mama mkwe wangu.

Ezéchiel alikaa chini, kichupa mkononi. Kasiksi haiwashi friji; vijidudu vya kichupani vilikuwa hai, lakini kuanza upya kungechukua siku nne, na friji ilibakiwa na siku mbili.

Maman Eulalie alichota kikombe. Alionja kidogo.

"Iko muzuri," akasema. "Kwetu kasiksi haimwangwake chini. Inaita watu."

"Watu wanaogopa, Maman," nikasema.

"Banaogopa matangazo. Nani anaogopa kasiksi ya jirani?"

Akapita nyumba kwa nyumba, akiwaambia akina mama waje na watoto wao, maana nyumbani nani wa kuwaachia? Kesho yake asubuhi ua ulijaa. Sikumdanganya mtu: nilieleza sindano ni ya nini, na asiyetaka aonje kasiksi aende zake kwa amani. Hakuna aliyekataa. Watoto walilia, wakubwa wakanywa na kucheka, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kwa miezi. Ezéchiel aligawa vikombe huku akimweleza kila mtu kwamba hii siyo aliyokusudia. Nilichoma mpaka kidole gumba kikafa ganzi, na friji ikabaki tupu.

Mtoto wa mwisho alipakatwa na Maman Eulalie mwenyewe. Nilipochomoa sindano, Maman aliitazama.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Ndiyo, Maman. Ni hii tu."

"Mutoto ya Francine alikufa na surua ku mugongo yangu, mu njia, tukikimbia. Ni hii tu alikosaka?"

Francine ni wifi yangu. Tulijua mwanawe aliondoka Walungu na Maman, hakufika. Hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Nilipiga magoti pale pale mbele ya watu, nikamwomba radhi kwa yale niliyomwambia juu ya watoto kufa.